Jinsi ya Kuanzisha Madarasa ya Sanaa na Mihadhara ya Mtaani kwa Watu wa Rika Zote

Katika mtaa wowote kuna watu wenye ujuzi ambao majirani zao hawaufahamu. Seremala anajua kuchonga, muuguzi mstaafu anaweza kueleza namna moyo unavyosukuma damu, binti wa sekondari anachora sura za watu kwa penseli, na mzee wa nyumba ya pili ana hadithi ambazo hazijaandikwa popote. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwakutanisha hao wote: darasa la kuchora, kuimba, kuigiza au kufinyanga, pamoja na mihadhara mifupi ya maarifa, milango ikiwa wazi kwa mtoto, kijana, mzazi na mzee.

Niseme msimamo wangu mapema, maana hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake. Kikundi cha namna hii husimama kwa ratiba. Tamasha kubwa la siku moja hujaza ukumbi, picha zikapigwa, na wiki inayofuata kila mtu amerudi kwake. Darasa la watu kumi na wawili linalokutana siku ileile na saa ileile kwa wiki nane huacha watu wanaojuana kwa majina, kila mmoja akiwa na kazi aliyoianza na anayetaka kuimaliza. Basi kila utakapotakiwa kuchagua kati ya jambo kubwa la mara moja na jambo dogo la kila wiki, chagua hilo dogo.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kupanga

Kabla hujatafuta hata ukumbi, chukua daftari uzungumze na watu ishirini au thelathini, mmoja mmoja. Waulize mambo matatu: kitu gani wanaweza kumwonyesha mtu mwingine kwa muda wa saa moja, kitu gani wametamani kujifunza siku nyingi, na siku gani na saa ngapi wanaweza kutoka nyumbani. Hilo la tatu ndilo linaloua au kuokoa mpango. Wazee wengi hawapendi kutembea gizani, mzazi wa mtoto mchanga hawezi jioni, na anayefanya kazi za zamu anahitaji kujua ratiba mapema ili abadilishane na mwenzake.

Kwa swali la kwanza wengi watakujibu kwamba hawajui chochote cha kufundisha. Usikubali jibu hilo upesi. Geuza swali: watu wakija kwako kuomba msaada, huwa wanataka nini? Hapo ndipo utasikia kwamba mmoja hutengenezea jirani zake redio, mwingine huandikia watu barua rasmi, mwingine hutungia watoto mashairi ya sherehe za shule.

Fika pia kwa wale ambao kwa kawaida hawaulizwi. Mtoto wa miaka kumi muulize yeye mwenyewe, usipitie kwa mzazi wake. Waulize viziwi wa mtaani kama kuna mkalimani wa lugha ya alama wanayemwamini, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu akwambie ni majengo gani ameshindwa kuingia.

Ukimaliza, panga majibu kwenye safu mbili, wanachojua na wanachotaka. Panapokutana ndipo penye somo lako la kwanza. Toulouse, Ufaransa, mwaka 1973, kilianzishwa chuo cha wazee kilichoegemea chuo kikuu, wahadhiri wakawafundisha wastaafu. Wazo hilo lilipofika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilichukua njia nyingine: wanachama wakaanza kufundishana wenyewe, anayeongoza somo la historia leo akakaa kesho kujifunza lugha kwa mwenzake. Kwa mtaa wenye fedha kidogo na ujuzi mwingi, njia hii ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote. Inampa mtu heshima mbili, ya kufundisha na ya kufundishwa.

Hatua ya 2: Chagua masomo mawili, yatosha

Msimu wa kwanza uwe na somo moja la mikono na mfululizo mmoja wa mihadhara. Zaidi ya hapo utakuwa unakimbizana na funguo, viti na walimu, na hutapata muda wa kukaa na watu.

Katika kuchagua somo la mikono, jiulize kama mtu anaweza kwenda nyumbani na kitu alichokimaliza siku ya kwanza. Jiulize pia kama aliyekosa wiki mbili anaweza kurudi bila kuona aibu. Kuchora kwa penseli, kupiga chapa kwa kadibodi iliyokatwa, kubandika picha kutoka magazeti ya zamani, kuimba kwa pamoja na kusimulia hadithi, vyote vinafaulu mtihani huo. Igizo refu lenye wahusika kumi halifaulu, kwa sababu akikosa mmoja mazoezi yote yanasimama. Anza na maigizo mafupi ya watu wawili wawili.

Rangi za mafuta ziache mpaka kikundi kikomae, kwa sababu ya harufu ya viyeyusho na muda wa kukauka. Udongo wa kufinyanga unapendwa na kila rika, ila ujue unachoingia. Kuta za chombo zisizidi unene wa kidole, kwani kipande kinene kilichobaki na unyevu ndani hupasuka kwenye tanuri maji yanapogeuka mvuke. Chombo pia hupungua kwa takriban sehemu moja ya kumi tangu kikiwa kibichi hadi kinapotoka motoni, na ni vizuri mfinyanzi mpya aambiwe hivyo kabla hajafinyanga kikombe cha kumtosha. Kama hamna tanuri karibu, finyangeni sanamu ndogo zinazokauka hewani, kisha waelezeni watu wazi kwamba hizo si za kutiwa maji.

Hatua ya 3: Tafuta mahali ambapo kila mtu anaweza kuingia

Maktaba, shule baada ya saa za masomo, ukumbi wa serikali ya mtaa, ukumbi wa nyumba ya ibada, hata karakana tupu, popote panafaa ikiwa pana mwanga, maji, choo na meza. Nenda ukapaone kwa saa ileile utakayopatumia. Chumba chenye mwanga mzuri asubuhi kinaweza kuwa pango jioni, na ukumbi tulivu mchana unaweza kupakana na kwaya inayofanya mazoezi usiku.

Chukua futi ya kupimia. Mlango wenye uwazi wa chini ya sentimita 80 utamzuia mtu wa kiti cha magurudumu. Penye ngazi pawekwe mteremko, na kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa karibu mita mbili. Ubao mfupi ulioinuka sana ni hatari kuliko ngazi yenyewe. Kagua na choo, maana watu hukagua mlango wa mbele wakasahau mlango wa choo.

Kwenye barua ya kuomba ukumbi wa umma, taja Kifungu cha 27 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kinachompa kila mtu haki ya kushiriki katika maisha ya utamaduni ya jamii yake na kufurahia sanaa. Kwa upande wa watoto kuna Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Ofisa anayesoma barua yako huenda anatafuta sababu ya kukukubalia, basi mpe.

Hatua ya 4: Weka msimu, siku na saa, kisha usivibadilishe

Msimu wa wiki nane hadi kumi unafaa. Ni mrefu kiasi cha kumtoa mtu kwenye hofu ya kushika brashi hadi kwenye kazi anayojivunia, na ni mfupi kiasi kwamba mwenye shughuli nyingi anaweza kujifunga nao. Darasa lichukue saa moja na nusu. Mhadhara uwe mmoja kila wiki mbili, palepale, siku ileile, ikiwezekana mara tu darasa linapokwisha, ili aliyekuja kuchora abaki kusikiliza na aliyekuja kusikiliza apite katikati ya michoro.

Mwalimu akiugua, usiahirishe. Fungua mlango, watu waendelee na kazi zao au wafanye zoezi la akiba ulilokwisha kuliandaa. Mara mtu anapofika akakuta kufuli, safari yake inayofuata ataifikiria mara mbili, na kama alikuja na mtoto au kwa mkongojo atakuwa na haki ya kutorudi. Nasisitiza hapa kwa sababu kuahirisha huonekana jambo dogo kwa mwandaaji, na ni kubwa mno kwa aliyepanga siku yake yote kuizunguka saa hiyo moja.

Ikiwa hamna mwalimu kabisa, bado kuna njia. Mwaka 1902, katika mji wa Lund, Uswidi, Oscar Olsson alianzisha kikundi cha kujifunza ambacho watu walisoma vitabu vilevile na kuvijadili pamoja bila mwalimu wa kuwahutubia, na vikundi vya namna hiyo vikaenea nchi nzima. Chagueni kitabu au mada, mmoja aongoze mazungumzo kwa zamu, na vitabu vibaki kuwa mali ya kikundi.

Hatua ya 5: Panga darasa ambalo mtoto na mzee wanafanya kazi moja

Wengi huwatenga watu kwa umri kwa kudhani ndiyo njia rahisi. Kwa masomo ya sayansi yenye ngazi inaweza kuwa hivyo. Kwa sanaa, kukaa pamoja ndiko kwenye faida kubwa, mradi zoezi lichaguliwe vizuri: liwe moja kwa wote, lisimpe nafasi ya kujigamba aliyekwisha kusomea, na kila mtu aweze kulifikisha anapotaka.

Mfano wa zoezi la kufungulia somo la kuchora ni huu. Wapange watu wawili wawili, mdogo na mkubwa, uso kwa uso. Kila mmoja apate penseli na karatasi. Mtu aweke mkono wake wa kushoto juu ya meza, na mwenzake auchore bila kutazama karatasi na bila kuinua penseli, jicho likitambaa polepole kwenye ukingo wa mkono: kutoka kifundo, kupanda kidole gumba, kushuka bondeni, kupanda tena. Dakika tatu kamili, kimya. Wakitazama karatasi watakuta vidole sita, kucha zilizotoka nje ya kidole, na hapohapo mkunjo mmoja wa ngozi uliokamatwa sawasawa kuliko walivyowahi kuchora maishani. Mchoro wa mtoto wa miaka minane na wa mtu mzima aliyesomea ufundi utakuwa na makosa yaleyale. Watacheka pamoja, na ile hofu ya kwamba "mimi sijui kuchora" itakuwa imeshapungua. Kisha wabadilishane.

Baada ya hapo mwalimu aonyeshe jambo moja tu jipya kwa dakika kumi, mathalani namna ya kuweka kivuli. Kisha anyamaze, azunguke. Sehemu kubwa ya saa iwe ya mikono kufanya kazi. Mwalimu asichore juu ya karatasi ya mwanafunzi. Akitaka kuonyesha kitu, achore kwenye kipande chake pembeni. Hili ni jambo la heshima, na watoto hulihisi zaidi kuliko sisi. Dakika kumi za mwisho, kazi zitandazwe mezani na kila mtu aseme kitu kimoja alichokiona katika kazi ya mwingine. Aseme alichokiona: mstari ulivyopinda, rangi zilivyokutana. Maneno kama "nzuri" na "mbaya" yawekwe kando kwa sasa, kwani hayamfundishi mtu chochote.

Watu wengi wakishavuka miaka 40 huanza kusumbuka kusoma vitu vya karibu. Andika maelekezo kwa herufi kubwa, weka taa ya ziada kwenye meza moja, na uwe na miwani miwili mitatu ya kusomea kwenye sanduku la vifaa. Kwa mikono inayotetemeka au yenye baridi yabisi, zungushia penseli kitambaa ili inenepe, na tafuta mikasi inayojifungua yenyewe.

Hatua ya 6: Mwandae mzungumzaji wa mhadhara

Anayejua jambo sana si lazima ajue kulieleza, na kazi ya mwandaaji ni kumsaidia kabla ya siku. Kutana naye wiki mbili kabla. Mwombe akueleze mada yake kwa dakika tano kana kwamba anamweleza jirani mwenye akili nzuri ambaye hajawahi kuisikia. Kila atakapotumia neno la kitaalamu, mwulize maana yake, na jibu atakalokupa ndilo la kutumia ukumbini.

Mwombe alete kitu cha kushikwa au kutazamwa. Mihadhara ya Krismasi ya taasisi ya Royal Institution ya London, iliyoanza mwaka 1825 kwa ajili ya vijana, imejengwa tangu mwanzo juu ya majaribio yanayofanywa mbele ya macho ya watu. Michael Faraday, aliyeiongoza mara nyingi, alichukua mshumaa mmoja akaeleza kwa huo mambo ya mwako, hewa na maji. Mzungumzaji wako naye ana mshumaa wake. Mwenye kuzungumzia nyuki alete sega tupu. Mwenye kuzungumzia sheria ya ardhi alete nakala ya hati akiwa amefuta majina. Mwenye kuzungumzia nyota awatoe watu nje.

Muda wa kuzungumza uwe dakika 25, usizidi 30. Muda kama huo ubaki kwa maswali, maana kwa mhadhara wa mtaani maswali ndiyo moyo wa shughuli. Akitumia projekta, maandishi yake yawe machache na makubwa. Aliyekaa safu ya mwisho ayasome bila kukunja uso.

Maikrofoni itumike hata kama chumba ni kidogo. Umri unapopunguza usikivu, huanza na sauti za juu, na konsonanti kama s, f na t ndizo zinazopotea kwanza. Mtu anasikia kwamba unazungumza lakini maneno hayakamiliki. Usiulize ukumbini "mnanisikia bila maikrofoni?" Asiyesikia hawezi kujibu swali ambalo halikumfikia. Mzungumzaji asimame penye mwanga, uso wake uonekane, asiseme akiwa ameelekea ubaoni. Na kila swali linaloulizwa kutoka kwa watu lirudiwe kwa sauti kabla ya kujibiwa.

Kwenye maswali yenyewe, usisimame ukauliza "kuna swali?" ukakodolea watu macho. Watakaoinua mikono ni walewale waliozoea kuzungumza mikutanoni. Wape watu dakika mbili kila mmoja azungumze na aliye karibu naye: umeelewa nini, na nini kimekutatiza? Ukumbi utavuma. Ndipo ukusanye maswali, ukianza na mtoto au kijana, kwa sababu mtu mzima akishauliza swali refu mwanzoni, watoto hawatathubutu tena. Anayetaka kutoa hotuba badala ya kuuliza, mshukuru na umwombe swali lake kwa sentensi moja.

Hizo dakika mbili zina kazi nyingine. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba watu waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena, ingawa dakika chache baada ya kusoma waliorudia ndio walioonekana kuongoza. Kwa hiyo kumtaka msikilizaji aseme kwa maneno yake alichosikia ni sehemu ya kufundisha. Mhadhara unaofuata nao uanze kwa kuwauliza watu wanakumbuka nini cha uliopita.

Mada za afya, sheria na fedha zinahitaji uangalifu wa ziada. Hakikisha mzungumzaji ana sifa za kazi yake, na tangaza mwanzoni kwamba hayo ni maelezo ya jumla. Asiruhusiwe kuuza dawa, mikopo wala uanachama wa chochote mlangoni. Watu wamekuja wakiwa wamekuamini wewe, na imani hiyo ikivunjwa mara moja hairudi kirahisi.

Hatua ya 7: Walinde watoto, na uvijue vifaa vyako

Kanuni ya kwanza: mtu mzima asikae na mtoto wa mwenzake peke yao chumbani, hata awe nani. Wawepo watu wazima wawili muda wote, mlango uwe wazi au wenye kioo. Sheria za nchi yako huenda zinadai uchunguzi wa rekodi za anayefanya kazi na watoto; zifuate hata kama mwalimu ni rafiki yako wa miaka mingi, na mweleze kwamba kila mwalimu anapitia utaratibu huohuo. Mtoto aandikishwe jina, nani atamchukua, simu ya mlezi, na kama kuna kitu kinachomdhuru. Picha za watoto zisipigwe wala kusambazwa bila ridhaa ya mlezi, na mtoto mwenyewe akikataa, iwe mwisho.

Kwenye vifaa, nitaje vichache vinavyopuuzwa. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, yanayotumika kwenye rangi za mafuta na kung'arishia mbao, vinaweza kuwaka moto vyenyewe vikirundikwa, kwa sababu mafuta hayo hutoa joto yanapokauka. Vitandaze nje vikauke kimojakimoja, au viloweke kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Udongo wa kufinyanga uliokauka hutoa vumbi la silika linalodhuru mapafu, kwa hiyo meza na sakafu vifutwe kwa kitambaa kibichi, ufagio usitumike. Baadhi ya rangi na mipako ya kung'arishia vyungu ina madini ya risasi au kadimiamu, basi soma maandishi ya kopo, na lisilo na maandishi lisiingie darasani. Gundi za kupuliza na rangi za makopo ya kupuliza zitumike nje tu. Sanduku la huduma ya kwanza liwe mahali panapojulikana na watu wasiopungua watatu.

Hatua ya 8: Fedha

Andika gharama za msimu mzima kwenye ukurasa mmoja: ukumbi, karatasi na rangi, nauli ya mzungumzaji, usafi, dharura. Gawanya kwa idadi ndogo kabisa ya watu unaowatarajia, usigawanye kwa ile unayoiota. Kama lazima pawe na ada, iwe ndogo, na iwepo njia ya kimya ya kuingia bila kulipa, bila mtu kujieleza mbele ya wengine. Bahasha mlangoni inayopokea kiasi chochote hufanya kazi hiyo vizuri. Fedha zishikwe na watu wawili, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi. Mwalimu wa kujitolea arudishiwe gharama zake papo hapo bila kusubiri aombe.

Hatua ya 9: Tangaza kwa midomo ya watu

Bango moja la wazi lenye siku, saa, mahali, nani anakaribishwa na kama kuna malipo linatosha. Libandike pale watu wanaposubiri kitu: kituo cha basi, zahanati, lango la shule, kinyozi. Kisha wafuate wale ulioongea nao mwanzo ukiwa na habari kwamba walichokiomba kimepatikana. Ujumbe wa simu utumwe siku moja kabla, mfupi, wenye jina la mtu aliyeutuma. Mtu akijua kwamba kuna fulani anayemsubiri, atakuja.

Siku ya kwanza weka mtu mlangoni ambaye kazi yake ni kumpokea mgeni, kumwuliza jina na kumkalisha karibu na mwingine. Hilo linafaa kuliko mabango kumi.

Hatua ya 10: Mwishoni mwa msimu

Funga msimu kwa maonyesho. Kazi ya kila mshiriki itundikwe, urefu wa macho ya mtu mzima ukichanganywa na urefu wa macho ya mtoto, kila moja na jina la mwenyewe. Mkitaka kuigiza au kuimba hadharani kazi ya mtu mwingine, ombeni ruhusa. Chini ya Mkataba wa Berne hakimiliki hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi nyingi zimefika 70. Tungo za washiriki wenyewe hazina tatizo hilo, na ndizo zinazofurahisha zaidi kuzisikia. Waombeni ruhusa na wao pia kabla ya kuzichapisha.

Kisha kaa na daftari la mahudhurio. Idadi ya jumla haitakuambia mengi. Tazama nani alikuja mara tatu akaacha, umpigie simu au umtembelee, umwulize kwa upole kilichotokea. Labda saa ilibadilika kazini kwake, labda aliona wenzake wamemwacha nyuma, labda kiti kilimwumiza mgongo. Mengi ya hayo yanarekebishika wiki hiyohiyo. Katika maonyesho, waulize washiriki nani yuko tayari kuongoza somo msimu ujao, na kila mwalimu mpya apewe mwenzake wa zamani wa kukaa naye madarasa mawili ya mwanzo.

Kabla watu hawajaondoka siku ya maonyesho, ratiba ya msimu unaofuata iwe imechapwa na iko mezani, yenye tarehe ya somo la kwanza, na karatasi ya kujiandikisha iwe pembeni yake pamoja na kalamu.